Kimo cha Boitshepo

Olebile alikijua kimo cha Boitshepo kwa sentimita, na alikitaja mbele ya mchumba wake, Keneilwe.

Muuza duka alikuwa ameuliza tu, kama wauza duka wanavyouliza.

"Mama wa mtoto ana urefu gani, rra, bwana wangu?"

"Mita moja na sentimita sitini na mbili," akajibu Olebile.

Hakufikiri. Hakukuna kichwa. Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake, na Keneilwe akahisi kitu kimemchoma chini ya mbavu.

Walikuwa watatu katika duka la vitu vya watoto pale Broadhurst, Jumamosi ya Oktoba, joto la Gaborone likiwa limepanda hadi watu wanagombea kivuli cha nguzo za umeme. Olebile alikuwa fundi wa makabati ya jikoni, mwanamume mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Keneilwe alifanya kazi katika duka la dawa, na siku hiyo alivaa gauni la njano kwa sababu Olebile aliwahi kulisifu. Wa tatu alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake Olebile, mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa na ulimi mkubwa kuliko mkoba.

Shangazi alikuja kwa sababu mtoto Gorata alizaliwa nje ya ndoa. Zawadi ya mtoto kama huyo haipelekwi na baba peke yake, kama mgeni anayebisha hodi. Sharti ipite mikononi mwa mkubwa wa kike wa upande wa baba. Keneilwe alikuja kwa sababu Olebile alimwomba. "Njoo unisaidie kuchagua kigari cha mtoto," alimwambia. "Wewe una jicho." Naye akakubali, akajiona tayari ni mke.

Gorata alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama yake, huyo Boitshepo, alimfukuza Olebile mimba ikiwa kubwa. Hilo ndilo lililomnyima Keneilwe usingizi tangu mwanzo wa mapenzi yao. Angekuwa Olebile ndiye aliyeacha, ingekuwa nafuu. Mtu akiacha, ameacha. Lakini mtu akiachwa, nani ajuaye moyo wake ulibaki upande gani wa mlango?

"Nauliza kimo kwa sababu ya mpini," akaeleza muuza duka. Alikuwa binti mchangamfu, jina lake Tshiamo limeandikwa kifuani. "Mpini ukiwa juu sana mabega yanauma, ukiwa chini sana mgongo unauma. Anakaa nyumba ya chini au ghorofani?"

"Ghorofa ya pili. Hakuna lifti."

"Mlango wake mpana?"

"Wa sebuleni unafaa. Wa jikoni mwembamba, una sentimita sitini na tano tu. Na pale koridoni kuna kona, kitu kirefu hakigeuki."

"We Olebile!" Shangazi akapiga kofi pajani. "Mpaka kona unaijua?"

"Nilifunga makabati mle ndani, Shangazi."

"Nimekusikia. Na kimo cha mwenye nyumba nacho ulikifungia kabatini?"

Shangazi akacheka mpaka mkoba ukatikisika. Tshiamo akacheka kwa adabu. Keneilwe naye akacheka, lakini ni meno tu yaliyocheka.

"Meza ya jikoni hufungwa kwa kimo cha mpishi," akasema Olebile taratibu, akimwangalia Keneilwe. "Ni kazi tu, Neilwe."

"Sijasema kitu," akasema Keneilwe.

"Anatumia mkono gani zaidi?" Tshiamo aliendelea. "Kuna vigari vya kukunjwa kwa mikono miwili na vya mkono mmoja."

"Mkono mmoja. Wa kulia. Wa kushoto ulivunjika akiwa mjamzito, haushiki vizuri. Baridi ikija unamuuma sana."

Baridi ikija. Keneilwe aliyageuza maneno hayo kichwani. Boitshepo alimfukuza mtu huyu kabla mtoto hajazaliwa. Baridi ya mwaka huu ilikuwa imeisha juzi tu. Sasa yeye alijuaje kwamba mkono ulimuuma?

"Basi sina haja ya kukuzungusha duka zima," akasema Tshiamo. Akaenda nyuma ya rafu, akarudi akisukuma kigari kidogo cha kijivu chenye magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. "Hiki hapa. Gurudumu la mbele linajizungusha lenyewe, kwa hiyo kwenye kona yako ile kinageuka kama mcheza ngoma. Ukifika kwenye mchanga, unalifunga hapa lisiyumbe. Matairi hayana upepo, miiba yetu haiyafanyi kitu. Sasa tazama."

Akabonyeza kitufe kwenye mpini kwa kidole gumba, akavuta. Kigari kikajikunja chenyewe, kikawa kama begi la safari. Akakiinua kwa mkono mmoja.

"Mtoto mkono huu, kigari mkono huu. Mama anashuka ngazi zake."

Olebile akachuchumaa. Akakikunjua, akakikunja, akakikunjua tena. Akapitisha vidole kwenye mikanda, akakaza, akalegeza. Keneilwe aliitazama mikono hiyo. Aliipenda. Ilikuwa mikubwa yenye makovu madogo ya msumeno, na ilipokigusa kitu ilikigusa kwa uangalifu, kama kinaweza kuumia. Leo ilikuwa inafanya hivyo kwa ajili ya mgongo wa mwanamke mwingine.

"Dada, hebu kisukume tuone," Tshiamo akamwambia Keneilwe.

Keneilwe akashika mpini. Hatua tatu, akajikuta ameinama.

"Ah, wewe ni mrefu," akasema Tshiamo. "Kwako hakifai. Kwa yule wa sitini na mbili ndicho chenyewe."

"Mma-Gorata atafurahi," akasema Shangazi, akilitamka jina hilo kwa kulifaidi. Kwake mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa heshima. Keneilwe, ambaye hakuwa na mtoto, alimwita Keneilwe tu, na mara nyingine "huyu".

Keneilwe akaachia mpini.

"Olebile. Mimi nina kimo gani?"

"Wewe?" Akainuka, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama mtu aliyeonyeshwa ukuta asioufahamu. "Wewe una... sitini na sita? Sitini na saba?"

Ukutani palikuwa na twiga wa karatasi wa kupimia watoto. Keneilwe akavua viatu, akasimama chini ya twiga yule, mgongo umenyooka. Tshiamo akaona aibu, lakini akasoma.

"Sabini na moja, mma."

"Ahaa," akasema Keneilwe. Akavaa viatu vyake.

"Neilwe, mimi sijawahi kukufungia jiko," akasema Olebile.

"Kweli. Hujawahi."

Shangazi akajifanya anatafuta kitu mkobani. Ndipo macho ya Keneilwe yakaangukia kile kigari kilichokuwa dirishani.

Kilikuwa kikubwa, cheupe, chenye magurudumu manne ya kung'aa na kiti kama cha mtoto wa chifu. Mapazia ya pembeni yalikuwa na ushonaji wa fedha. Akakiendea, akakishika. Kilikuwa kizito. Kukikunja kulihitaji mikono miwili na mguu mmoja wa kukanyagia. Alisoma maelezo yake kwenye kadi na akayaelewa vizuri sana.

"Hiki," akasema.

"Hicho kizuri, dada, lakini kwa mtu wa ghorofani..." Tshiamo akaanza.

"Mtoto ni wa kwanza wa Olebile," Keneilwe akamkatiza, sauti yake tamu kama sharubati. "Shangazi, mama, wewe ndiwe utakayekipeleka. Ukifika na kile kidogo cha kijivu, kina Boitshepo watasema nini? Watasema upande wa baba wamekuja na toroli."

Shangazi akasimama wima. Tangu aanze kuchumbiwa, Keneilwe hakuwahi kumpata Shangazi upande wake, na sasa alimpata kwa sentensi moja.

"Hapo umenena, mwanangu. Watacheka. Nawajua wale."

"Kizito hicho," akasema Olebile.

"Kizito kwa nani?"

Olebile akafungua mdomo. Keneilwe akamwangalia machoni, akangoja. Jibu lilikuwa moja tu, na wote wawili walilijua jina lake. Kama angelitaja, vita vingeanza pale pale kati ya nepi na chupa za maziwa.

Olebile akafunga mdomo. Akatoa pochi.

Tshiamo alikirudisha kigari kidogo nyuma ya rafu bila kumtazama mtu.

*

Kwenye maegesho, Shangazi akiwa ameshaingia garini na kufungua dirisha kwa ajili ya upepo, walisimama nyuma ya buti iliyokataa kufunga. Kigari kilikuwa kimetoka nje nusu nzima. Olebile alikuwa anakifunga kwa kamba.

"Baridi ya mwaka huu nani alikuambia imemuuma?" Keneilwe akauliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Mkono wake."

Olebile akaacha kamba. "Nilikwenda kumwona mtoto mwezi wa saba. Alikuwa amefunga mkono kitambaa cha sufu. Nina macho, Neilwe."

"Unayo, ndiyo. Unayo ya kuonea kule."

"Sasa unataka nifanyeje? Nimjibu yule binti kwamba mama wa mtoto wangu sijui anafananaje?"

"Nilitaka ufikiri kwanza! Hata kidogo! Nilitaka ujikune kichwa, useme, 'Ngoja, hivi ana urefu gani yule?' Ungenidanganya hivyo ningekushukuru."

"Nyie wapenzi," Shangazi akaita kutoka garini, "mnanioka huku! Mpigane kwenye kivuli!"

Olebile akacheka licha ya hasira. Akaushika mkono wa Keneilwe, akauweka kifuani pake, mahali penye jasho.

"Nisikilize. Mwezi ujao wajomba zangu wanakwenda kwenu Kanye alfajiri, wamevaa makoti, na joto hili. Watakaa uani na kuomba kibuyu cha maji. Maji hayo ni nani?"

"Sijui."

"Ni nani?"

"Ni mimi," akasema Keneilwe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kwa moyo.

"Basi mwache Boitshepo na ngazi zake."

Akamwacha. Alirudi nyumbani akiwa ameshinda. Usiku ule alilala vizuri, akimfikiria mwanamke mfupi wa mkono mmoja akipigana na kigari cheupe kwenye kona ya koridoni. Hakuona haya. Alifikiri: Mungu atanisamehe, ni kigari tu.

*

Jumatatu Boitshepo alipiga simu. Keneilwe alikuwepo, walikuwa wanakula chakula cha mchana nje ya duka la dawa, na Olebile aliiweka simu kwenye spika kwa sababu hakuwa na cha kuficha.

"Rra-Gorata, kigari nimekipokea. Kizuri, ahsante. Shangazi yako amekisifia mpaka majirani wametoka nje."

"Haya, mma."

"Sasa swali langu ni moja. Nikishushe na nani?"

Olebile akamtazama Keneilwe. Keneilwe akatazama sahani yake.

"Kiache chini kwenye ngazi," akasema Olebile.

"Kiibiwe kabla sijapanda juu? Kituo cha kulelea watoto kinafunguliwa saa moja, nami kazini naingia saa moja na nusu. Mgongoni simbebi, unajua mwenyewe, mkono huu haufungi nguo. Mwezi uliopita nusura aniponyoke." Sauti yake ikashuka. "Sikulaumu. Nauliza tu."

Walijaribu kukibadilisha. Shangazi alikataa kabisa. Zawadi ya mtoto aliyoipeleka yeye kwa mikono yake, mbele ya wazee wa upande wa pili, irudishwe dukani kama viatu vilivyobana? Huko ni kumrudisha mtoto mwenyewe! Nani alikuwa anauroga ukoo wake? Olebile akanywea. Kwa Shangazi wote walikuwa wananywea.

Kwa hiyo akaanza kupita kule asubuhi. Kwa dakika chache tu, alisema. Anashusha kigari, anamweka mtoto, anakwenda kazini. Na kwa kuwa kilichoshuka sharti kipande, akawa anapita na jioni.

Wiki ya kwanza Keneilwe hakusema kitu. Angesema nini? Wiki ya pili aliona uji wa mtama umekauka begani mwa shati la Olebile.

"Umekula uji wapi?"

"Gorata kanipaka. Anakataa kula bila mimi siku hizi." Akacheka peke yake. "Ananiita 'Ole'. Hawezi kumalizia. Nakwambia, anasimama kwenye mlango na anaita 'Ole, Ole' kama anachunga mbuzi."

"Kwa hiyo siku hizi unaingia ndani."

"Nisimame nje ya mlango kama bili ya umeme?"

Wiki ya tatu alikuwa anapiga mluzi. Olebile, ambaye tangu amfahamu hakuwahi kupiga mluzi! Alikuwa anakuja kwake akiwa ameshakula jioni. Alikuwa anasema, "Boitshepo anasema mvua mwaka huu zitachelewa," kama ambavyo watu husema, "Redio inasema."

Alikuwa bado mpole kwake. Bado alimshika mkono wakiwa barabarani. Lakini mara mbili Keneilwe alimkuta ametulia, anatazama mbali, na alipomuuliza unawaza nini, alijibu "Hakuna." Wivu wa mwanzo ulikuwa moto, unaunguza na kuchangamsha. Huu ulikuwa wa aina nyingine. Ulikuwa kama maji yanayopanda ndani ya nyumba huku mtu amekaa kitini anayatazama, naye ndiye aliyefungua bomba.

Kwa maana alijua. Kila asubuhi saa ya mtoto kupelekwa kituoni ilipofika alijua mwanamume wake yuko wapi, na alijua ni nani aliyempeleka.

Siku ya mshahara aliomba ruhusa kazini, akaenda Broadhurst. Tshiamo alimkumbuka.

"Kile kidogo cha kijivu kipo?"

"Kipo, mma." Tshiamo akasita. "Kile kikubwa..."

"Usiniulize," akasema Keneilwe. "Nifungie tu."

*

Jioni alikipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya pili kwa Boitshepo, kwa mkono mmoja, akiuchukia wepesi wake. Alikuwa amepanga maneno. Angebisha, angekiacha, angesema samahani, na kesho yake Olebile hangekuwa na sababu ya kupanda ngazi hizi.

Aliyefungua mlango ni Olebile. Hakuwa na viatu. Gorata alikuwa amekaa shingoni mwake, ameshika masikio yake mawili kama usukani.

"Neilwe."

"Nimeleta kitu."

"Ni nani?" sauti ikauliza kutoka jikoni, na Boitshepo akatokea.

Keneilwe alikuwa amejiandaa kuona mrembo. Aliona mwanamke mdogo mwenye kilemba cha nyumbani na macho ya kuchoka, mkono wa kushoto umening'inia karibu na tumbo kama kitu alichoazima. Ilimwuma zaidi. Mrembo ungeweza kumchukia.

"Wewe ni Keneilwe," akasema Boitshepo. "Karibu ndani, mwenzangu. Kuna chai."

"Sikai. Nimeleta kigari kingine. Kile kikubwa nilikichagua mimi." Akakitua kigari. "Nilijua hakikufai. Nilikichagua kwa sababu hiyo."

Olebile akafumba macho. Boitshepo hakukasirika. Alimtazama Keneilwe kwa muda, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Nilijua ni mwanamke," akasema. "Mwanamume akikosea hukosea kwa upofu. Kile kilikuwa kimekosewa kwa akili."

"Nisamehe."

"Mimi ningekuwa wewe ningechagua kizito kuliko kile. Hebu tukione."

Keneilwe akakikunjua sakafuni. Boitshepo akaushika mpini. Ulifika chini kidogo ya mbavu zake, mahali pake hasa. Akakisukuma hadi jikoni, kikapita mlangoni bila kugusa fremu. Akakigeuza kwenye kona ya koridoni, kikageuka. Akarudi nacho sebuleni, akabonyeza kwa kidole gumba cha kulia, akavuta. Kikajikunja. Mkono wake wa kushoto haukufanya kazi yoyote.

Akakiegemeza ukutani.

"Umejuaje?" akauliza. "Kimo. Mlango. Mkono. Wewe hujawahi kufika hapa."

Hapo Keneilwe angeweza kudanganya. Angeweza kusema muuza duka alibahatisha. Lakini alikuwa amekuja kusema kweli, na kweli ikishaanza kutoka haiulizi mwenyewe inamfaa au haimfai.

"Alisema yeye," akajibu. "Aliyasema yote dukani bila kufikiri. Hata baridi inavyokuuma."

Boitshepo akageuka kumtazama Olebile.

"Wewe?"

Olebile alikuwa ameshika miguu ya mtoto.

"Siku ile nilikufukuza nikikwambia nini?"

"Boitshepo, si sasa."

"Nilikwambia nini, Olebile?"

"Ulisema sikuoni," akasema Olebile. "Ulisema unaweza kuanguka bafuni, ukavunjika, mimi nikapita nikipima ukuta."

"Nawe hukusema neno. Ulichukua begi lako la vifaa ukashuka."

"Ningesema nini? Mimi si mtu wa maneno."

"Sasa umesema," akasema Boitshepo. "Umemwambia muuza duka."

Wakatazamana. Haukuwa mtazamo mrefu, lakini Keneilwe aliuona vizuri, maana alikuwa amesimama katikati yao na ukampita kama hayupo. Gorata, huko juu shingoni, akapiga kelele ya furaha akitaka kuwekwa kwenye kigari kipya.

"Nakwenda," akasema Keneilwe.

Alikuwa ameshafika ghorofa ya kwanza aliposikia nyayo tupu zinamfuata.

"Neilwe! Ngoja."

Akageuka. Olebile alisimama juu yake, amechanganyikiwa, nusu ya shati iko nje.

"Nina gari pale chini," akasema Keneilwe. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Ukija sasa, tunaondoka wote, na neno hili sitalitaja tena maisha yangu yote. Naapa. Wajomba zako watakwenda Kanye nami nitawachotea maji mwenyewe."

"Nakuja. Nakuja, mpenzi. Sina viatu, nivae viatu tu."

"Vaa."

Akapanda juu mbio. Keneilwe akashuka, akaingia garini, akaacha mlango wa abiria wazi. Joto likaingia. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua vya mafuta kando ya ukuta akamwamkia, naye akaitikia. Juu, dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Alisikia sauti ya mwanamke ikiongea chini chini kwa muda. Alisikia mwanamume akijibu, tena akijibu kwa maneno mengi, yeye ambaye hakuwa mtu wa maneno. Kisha akasikia mtoto akicheka, na mwanamume akicheka naye.

Viatu havichukui muda huo kuvaliwa. Hata buti za kazi hazichukui.

Keneilwe akanyoosha mkono, akaufunga mlango wa abiria.

Alimpigia mjomba wake, Kanye, kutoka barabarani. "Malome, waambie wale wageni wasije."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Maji yamekauka tu."

Mjomba hakuuliza zaidi. Mambo hayo huulizwa ana kwa ana.

Olebile alifika kwake usiku, amevaa viatu, na alilia mlangoni. Alisema hakupanga. Keneilwe alimwamini, hata yeye hakupanga. Hakumfungulia.

Hesabu yake ni hii. Kigari cheupe, pula elfu tatu na mia tisa, fedha za Olebile. Kigari cha magurudumu matatu, elfu mbili na mia moja, fedha za Keneilwe, na ndicho kinachotumika. Mablanketi sita ambayo mama yake alikuwa ameshawanunulia wakwe, yakauzwa kwa jirani kwa nusu bei. Ng'ombe wanane wa mahari waliokuwa wametengwa kwa ajili yake, wakafunguliwa wakarudi malishoni. Gauni moja la njano, alimpa mdogo wake. Na mwanamume mmoja.